"Ni uvimbe tu": habari za mifupa ya uso iliyovunjika

Hakuna sentensi inayoniudhi kazini kama "ni uvimbe tu, utaisha wenyewe". Mimi ni nesi, sehemu kubwa ya kazi yangu ni thieta na wodi ya upasuaji wa kinywa, taya na uso, na wale wanaotufikia wamechelewa karibu wote walishaambiwa hiyo sentensi na mtu fulani, saa nyingine mtu mwenye koti jeupe kabisa. Na kiukweli uvimbe huwa unaisha, hapo ndo shida inapoanza, maana uso ukivimba unaficha kila kitu, shavu lililobonyea linaonekana limejaa, pua iliyopinda inaonekana nene tu, jicho limefunga hata huwezi kuliona, halafu baada ya wiki hivi uvimbe unashuka mtu anajiangalia kwenye kioo anakuta sura si ile aliyoizoea, na mfupa nao umeshaanza kushika vibaya. Nimeulizwa haya mambo mara nyingi mno kwa hiyo nimeamua kuandika hii moja ndefu, akiniuliza mtu tena natuma linki tu.

Tuanze na kitu ambacho wengi hawakitegemei. Mfupa wa uso wenyewe ni nadra kuua mtu, kinachoua ni majirani zake. Nguvu iliyotosha kuvunja uso inatosha pia kutikisa ubongo na kuumiza shingo, ndo maana mgonjwa akifika na uso umeharibika hakuna anayehangaika na uso kwanza, wanaangalia anapumuaje, shingo inakingwa mpaka ithibitike iko salama, damu inazuiwa, kichwa kinachunguzwa, uso unasubiri. Ila kuna jambo moja la taya ambalo kila mtu alijue. Taya la chini likivunjika pande zote mbili, kile kipande cha mbele kinachoshikilia ulimi kinarudi nyuma na ulimi unakwenda nacho, sasa mtu kama huyo mkimlaza chali mnamziba pumzi. Utamkuta mwenyewe anang'ang'ania kukaa kainama mbele, mate na damu vinachuruzika, na watu wamemkamata mabega wanamwambia lala, lala. Jamani, kama anajitambua na amechagua kukaa hivyo mwacheni akae hivyo hivyo, yeye ndo anajua hewa inapitia wapi.

Na meno yahesabiwe. Jino ambalo halipo mdomoni na halipo pale alipoangukia linatafutwa kwenye picha ya kifua, maana jino huweza kuingia kwenye pafu na mtu asijue. Likipatikana likiwa zima na mzizi wake, na ni jino la ukubwani sio la utoto, shika upande wa kutafunia, lisuuze fasta bila kusugua mzizi, lirudishe kwenye shimo lake au litumbukize kwenye maziwa mkimbie, hapo zinahesabiwa dakika.

Sasa kumpima. Dokta bingwa ninayefanya naye kazi, kabla hajaomba picha yoyote, ana maswali matatu anayouliza kila mtu, hata kama mgonjwa amekuja kwa sababu ya kidonda kwenye nyusi tu: meno yako yanakutana kama zamani? unaona kitu kimoja au viwili? kuna sehemu ya uso huisikii? Nilipoanza kazi nilidhani ni mazoea tu ya mzee, baadaye nikaona kwamba majibu ya hayo maswali matatu yanakupa nusu ya ramani ya uso kabla hujamgusa mtu.

La meno ndo ninalolipenda. Mtu anaweza asijue kaumia wapi, uso wote unamuuma, lakini atakwambia "nikifunga mdomo ya huku yanagonga kwanza". Hata unywele ukikaa katikati ya meno unausikia, sasa taya likihama milimita moja utakosaje kujua? Kwa hiyo mgonjwa akisema meno hayakutani, mwamini, hata kama kwa macho unaona yako sawa. Hapo dokta anachukua tochi anaangalia fizi, kama kuna mahali imechanika kati ya meno mawili na hayo meno mawili hayako levo moja, umeshapata ufa. Anamwambia anyanyue ulimi, akikuta damu imevilia pale chini ya ulimi karibu ajiridhishe kwamba taya limevunjika. Halafu kuna kale kajiti bapa ka kukandamizia ulimi, mgonjwa anang'ata kwa meno ya pembeni, dokta anakizungusha kijiti mpaka kivunjike. Taya zima litakivunja. Taya lililovunjika, mgonjwa anaachia kwa maumivu kabla kijiti hakijafika popote. Kipimo cha bure kabisa, na nimeona kikimtoa mtu kwenye foleni ya kuruhusiwa nyumbani.

Taya la chini ni kama bangili, mara nyingi haivunjiki sehemu moja tu. Ukiona ufa karibu na kidevu upande wa kulia, nenda kapapase mbele ya sikio la kushoto. Pale mbele ya sikio pana kile kichwa cha taya kinachocheza ukifungua mdomo, na chenyewe kina shingo nyembamba, ukipigwa kidevuni nguvu inasafiri mpaka kule na mfupa unakatika mbali kabisa na kidonda. Huyu mgonjwa ndo anayekosewa sana kuliko wote, hasa mtoto. Ameanguka, kidevu kimechanika, anashonwa nyuzi tatu vizuri, anapewa dawa ya maumivu, kwaheri. Hakuna aliyemwambia afungue mdomo, hakuna aliyeona kwamba akifungua kidevu kinakwenda upande mmoja. Kwa mtoto hiyo ni hatari ya miaka, kifundo, yaani hicho kichwa cha taya mbele ya sikio, kinaweza kuganda na fuvu, mdomo unafunguka kidogo kidogo mpaka unagoma, na taya upande huo halikui. Kwa hiyo mtoto aliyechanika kidevu, kabla hujaondoka uliza kwa adabu tu "dokta, na mbele ya masikio umempapasa?"

La macho lina mambo mengi na hapa naomba uvumilie. Sakafu ya shimo la jicho ni mfupa mwembamba sana, kwenye sehemu kubwa haufiki hata milimita 1, na chini yake ni uwazi wa hewa wa shavu. Ngumi au mpira ukitua pale, sakafu inapasuka na mafuta yanayozunguka jicho yanashukia chini, wakati mwingine na msuli. Matokeo yake mtu anaona viwili hasa akiangalia juu au chini, na uvimbe ukiisha jicho linaonekana limezama ndani. Kwa mtu mzima kwa kawaida kuna muda wa kusubiri uvimbe ushuke, kama wiki moja mbili, na wengi hawafanyiwi chochote, kuona viwili kunapungua kwenyewe.

Mtoto ni habari nyingine kabisa. Mfupa wake ni laini, unapinda halafu unarudi, unafunga kama mlango na kuubana msuli wa jicho. Kwa nje huoni kitu, jicho jeupe, halijavimba, halina hata wekundu, ila mtoto anatapika, amelegea, hataki kuangalia juu, mapigo ya moyo yameshuka. Watu wote wanafikiria ubongo. Kumbe ni ule msuli uliobanwa, ukivutwa unapeleka taarifa moyoni na moyo unapunguza kasi. Huyo hasubiri wiki mbili, huyo anaingia thieta ndani ya siku moja au mbili hizi, maana msuli uliobanwa unakufa na ukifa anabaki haoni sawasawa maisha yake yote. Nikiambiwa nichague jambo moja tu watu wakumbuke kwenye hii posti yote nitachagua hili la mtoto mwenye jicho jeupe.

Dharura nyingine ya jicho ni damu kujaa nyuma yake. Jicho linatoka nje, linakuwa gumu ukiligusa juu ya kope, linauma vibaya sana na kuona kunafifia. Hapo hakuna cha kusubiri picha, dokta anachoma ganzi na kukata kona ya nje ya kope palepale kitandani ili shinikizo lipungue, kwa sababu ikipita kama masaa 2 hivi kuna uwezekano mkubwa asione tena. Ndo maana mgonjwa akitoka kufanyiwa shavu au shimo la jicho tunamsumbua na tochi kila robo saa, "unaona vidole vingapi?", ananuna, anataka kulala, bora anune.

Swali la tatu, ganzi. Chini kidogo ya jicho kuna tundu unapopita mshipa wa fahamu wa shavu, ubavu wa pua, mdomo wa juu na meno ya juu ya mbele. Mfupa wa shavu ukivunjika huwa unapasukia hapo hapo, kwa hiyo mtu anakwambia "huku kama bado nimechomwa sindano ya jino". Ganzi ya mdomo wa chini na kidevu inaelekeza kwenye taya la chini. Shavu lenyewe dokta analipima kwa namna ambayo mara ya kwanza nilishangaa, anasimama nyuma ya mgonjwa, anamlaza kichwa nyuma, anaweka vidole viwili kila upande juu ya mashavu na anaangalia toka juu. Kidole kimoja kikizama kuliko mwenzake, basi. Halafu anapitisha kidole kwenye ukingo wa chini wa jicho taratibu akitafuta ngazi. Na ile damu kwenye weupe wa jicho, anamwambia aangalie upande wa pili, kama damu ina mwisho unaouona huenda ni mchubuko tu wa jicho, kama inaendelea kwa nyuma mpaka huoni inapoishia, inatoka kwenye mfupa. Mwingine mdomo wake haufunguki na taya liko salama kabisa, ni ule upinde wa shavu umebonyea unagusana na taya kwa ndani.

Tena shavu la kushoto ndo tunalipata zaidi kwa waliopigwa ngumi, kwa sababu wapigaji wengi wanatumia mkono wa kulia. Nalisema hili kwa makusudi. Mtu anakuja anasema ameteleza bafuni, na aliyemleta ndo anajibu kila swali. Kazi ya bingwa mzuri, na ya nesi pia, ni kutafuta dakika tano za kuongea na huyo mgonjwa peke yake.

Picha sasa. Eksirei ya kawaida ya uso ni mifupa imelaliana juu ya mifupa, ufa wa shimo la jicho au wa kifundo unajificha humo kirahisi, kwa hiyo "eksirei haijaonyesha kitu" siyo jibu la mwisho kama meno hayakutani au mtu anaona viwili. Kwa taya la chini ile eksirei inayozunguka kichwa na kutoa meno yote kwenye picha moja inasaidia sana, ikiongezewa na nyingine ya kutokea mbele. Kwa mengine yote ni siti skani (CT scan), ile mashine inayopiga picha vipande vipande, vipande vyembamba, na visomwe kwa kukata pande zote sio ubapa tu, maana sakafu ya jicho inaonekana vizuri ukiikata kutokea mbele. Mgonjwa wa kwanza kuingizwa kwenye hiyo mashine ilikuwa London mwaka 1971, kazi ya injinia Godfrey Hounsfield, kabla ya hapo mabingwa walikuwa wanategemea vidole na eksirei tu, nikiwafikiria nawavulia kofia.

Na bado lugha wanayoongea mabingwa ni ya zamani zaidi ya hapo. Mfaransa René Le Fort alivunjavunja nyuso za maiti kwa mapigo mbalimbali, akachemsha mafuvu ili aone mifupa imekatikia wapi, na mwaka 1901 akaandika kwamba uso wa kati una mistari yake mitatu mikubwa ya kukatikia. Ya kwanza inatenganisha taya la juu na meno yake, ya pili inapanda mpaka puani kwa umbo la pembetatu, ya tatu uso mzima unaachana na fuvu. Mpaka leo kwenye faili utakuta "Lefoti moja", "Lefoti mbili". Dokta anashika meno ya juu ya mbele kwa mkono mmoja, mkono mwingine uko kwenye shina la pua, anatikisa taratibu, anaangalia nini kinacheza na nini kimetulia. Hawa ndo ambao maji ya ubongo yanaweza kuvuja puani, majimaji maangavu membamba yenye chumvi yanayodondoka akiinama, na hao hakuna ruhusa ya kupenga wala kuingiziwa mpira wowote puani bila bingwa kusema.

Pua nisiizungumzie sana, inavunjika kuliko kitu chochote usoni na wala haihitaji eksirei, inahitaji macho na vidole. Ila kitu kimoja hakingoji, uvimbe wa damu kwenye ukuta wa katikati ya pua. Ukimulika ndani unaona kitu laini chekundu kimejaa na pua imeziba. Hiyo damu itolewe siku hiyohiyo, gegedu la pua linakula kupitia ngozi iliyolifunika, damu ikiwatenganisha gegedu linakufa na pua inabonyea katikati. Kunyoosha yenyewe kunasubiri siku chache uvimbe ushuke, lakini isipite wiki mbili, na kwa watoto mapema zaidi.

Matibabu watu wanayaogopa kuliko inavyostahili. Kwanza sio kila mfupa uliovunjika unapasuliwa. Shavu ambalo halijahama, meno yanakutana, macho yanaona sawa, huyo anakula laini, anaangaliwa kila wiki, basi. Unapasua kurudisha kazi au sura, na kama vyote viwili vipo unarudisha nini? Upinde wa shavu uliobonyea unanyanyuliwa kwa njia ya Harold Gillies, yule bingwa wa nyuso za askari wa vita kuu ya kwanza. Unachanja kidogo ndani ya nywele juu ya sikio, unateremsha chuma kirefu chini ya utando wa msuli mpaka nyuma ya mfupa, unanyanyua, na mfupa unarudi kwa mlio ambao thieta nzima tunausikia. Kovu limefunikwa na nywele.

Taya ndo kazi yenye hatua. Mgonjwa anapewa nusu kaputi lakini mpira wa hewa unapitishwa puani, sio mdomoni, kwa sababu lazima meno yafungwe. Kabla ya kugusa mfupa, dokta anafunga waya kwenye meno ya juu na ya chini na kuyakutanisha kama yalivyokuwa, meno ndo rula yake, meno yakikaa sawa mfupa umeshajipanga. Zamani ungeishia hapo, mdomo umefungwa wiki nne mpaka sita. Miaka ya 1970 Maxime Champy na wenzake kule Strasbourg wakaonyesha kwamba pleti ndogo, kibati cha chuma cha kushikanisha mfupa, ikikaa kwenye mstari ule taya linapovutika inatosha, na unaiweka kupitia ndani ya mdomo bila kovu la nje. Siku hizi pleti za titani na skrubu zake zinafungwa, waya unafunguliwa, mgonjwa anaamka anafungua mdomo. Kifundo mabingwa bado wanabishana kama kipasuliwe, maana mshipa wa fahamu unaochezesha uso unapita hapo hapo, wengi wanatibiwa kwa mipira midogo inayoongoza meno pamoja na mazoezi, na watoto karibu wote hivyo, wasifungwe muda mrefu. Mzee asiye na meno ana taya jembamba na hana rula, huyo anahitaji pleti nene au kibanio maalumu. William Seward, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alivunjika taya kwenye ajali ya gari la farasi mwaka 1865 na daktari wa meno Thomas Gunning akamtengenezea kibanio cha mpira mgumu, wazo hilo bado linatumika.

Waliofungwa waya tunawapa koleo la kukatia, linakaa na mgonjwa popote aendapo, na mtu wa nyumbani anaonyeshwa waya upi ukatwe akipaliwa. Chakula cha kunywa, mara nyingi kidogokidogo, mdomo unasuuzwa kila baada ya kula maana uchafu unaokaa kwenye ufa unaleta usaha. Ufa unaopita kwenye meno umeshakuwa kidonda wazi hata kama ngozi haijachanika, ndo maana ya antibayotiki. Sigara inachelewesha kupona, na hili huwa nalisema bila tabasamu. Wa shavu na jicho wasipenge kamasi wiki kadhaa, hewa inaweza kutoka kwenye uwazi wa shavu ikaingia chini ya ngozi na uso ukajaa ghafla, ukiminya unasikia inatekenya vidole. Chafya itoke mdomo ukiwa wazi.

Ganzi inachukua miezi kuondoka, kwa wengine inabaki kiasi. Ikianza kuwasha na kuchomachoma ni dalili nzuri, mshipa unaamka. Na swali ninaloulizwa kila siku ya kuruhusu mtu: pleti zinatolewa lini? Kwa mtu mzima hazitolewi, zinakaa maisha yote, isipokuwa zimeingia usaha, skrubu imelegea au zinamsumbua chini ya ngozi. Titani haivutwi na sumaku kwa hiyo kipimo cha emarai (MRI), kile kinachotumia sumaku, anafanya tu, awaambie kabla. Kwa mtoto anayekua dokta anaweza kuzitoa au kutumia zile zinazoyeyuka, na hilo muulizeni kabla ya kuingia thieta, sio baada.